Konveta Inasoma Volti 13.6, Betri za Karavani Hazijai: Tatizo Liko Wapi?

Swali: Nina karavani iliyotengenezwa Marekani. Kwa kawaida ninaiegesha nyumbani Nzuguni, hapa Dodoma, na kuivuta kwenda Kondoa, Manyoni au Kongwa kazi inaponitaka nikae huko siku kadhaa. Ina betri nne za maji za volti 12, kila moja ya ampea-saa 100, zilizounganishwa sambamba, pamoja na konveta (kifaa kinachogeuza umeme wa nyumbani kuwa wa volti 12 na kuchaji betri) ya ampea 45 inayopata umeme wa TANESCO kupitia transfoma ya kupunguza kutoka volti 230 hadi 115. Miezi michache iliyopita fundi alibadilisha betri mbili kati ya nne, na tangu hapo betri hazijai. Ninachomeka jioni, asubuhi nikichomoa nakuta volti 12.1. Taa zinawaka kama kawaida, niwe nimechomeka au nimechomoa, wala mwanga wake haubadiliki. Nikipima kwenye terminali za konveta yenyewe napata volti 13.6 dakika ileile ninapochomeka. Fundi anasema konveta imechoka, ninunue nyingine. Ninunue?

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue bado. Vipimo ulivyovieleza vinaelekeza mahali pengine kabisa, na mahali hapo unaweza kupakagua kwa mita ya kawaida kabla hujatoa shilingi yoyote kwa ajili ya konveta.

Tuanze na hiyo 13.6, kwa sababu ndiyo iliyowapoteza. Wengi wakiona namba hiyo kwenye terminali za konveta huamini kwamba betri zinachajiwa, na betri zisipojaa huona kwamba konveta ina volti lakini haina nguvu. Fikiria kinachotakiwa kutokea. Konveta yako ina kikomo cha ampea 45. Ikikutana na betri nne ambazo jumla yake ni ampea-saa 400, na ambazo zimefika karibu nusu, betri hizo zinataka kupokea ampea nyingi kuliko ilizonazo. Konveta inatoa zote ilizonazo, na kwa kuwa haina za kuongeza, volti yake inavutwa kwenda chini kuelekea volti za betri, labda 12.8 au 13.0, kisha inapanda polepole kwa muda wa saa kadhaa kadiri betri zinavyoshiba. Kwa hiyo konveta nzima iliyoungana vizuri na betri zenye njaa haiwezi kusoma 13.6 dakika ileile inapochomekwa. Inayosoma hivyo ni konveta ambayo haijabebeshwa mzigo. Kwa maneno mengine, konveta yako haizioni betri, au inaziona kupitia njia nyembamba sana.

Dalili ya pili ni taa. Katika karavani ya aina hii konveta, betri na taa hukutana kwenye kisanduku kimoja cha fyuzi. Umeme ukichomekwa, volti za kisanduku hicho hupanda kutoka volti 12 na kidogo za betri hadi 13 na zaidi, na taa za balbu huongeza mwanga waziwazi. Taa za LED zenye kidhibiti ndani hazionyeshi tofauti hiyo, hivyo usiitegemee dalili hii peke yake. Hata hivyo, ukiiweka pamoja na ile 13.6 ya ghafla, picha inakaa sawa: taa zako zinakula betri usiku kucha hata wakati karavani imechomekwa, na konveta iko pembeni inazungusha feni yake bila kazi. Unaweza kuthibitisha hilo leo jioni. Pima volti kwenye vichwa vya betri kabla ya kuchomeka, chomeka, kisha pima tena palepale baada ya dakika kumi. Kama namba haikupanda hata kidogo wakati terminali za konveta zinasema 13.6, njia imekatika mahali fulani kati ya sehemu hizo mbili.

Mahali pa kwanza pa kutafuta ni fyuzi za kinga ya kugeuza betri. Konveta nyingi za Marekani zina fyuzi moja au mbili kubwa, mara nyingi za ampea 30 au 40, zilizowekwa mbali kidogo na safu ya fyuzi ndogo za taa, pampu na friji. Kazi yake ni moja tu: mtu akiunganisha betri kinyume, chanya kwenye hasi, fyuzi hizo zinakatika mara moja ili dayodi na vifaa vingine vya ndani visiungue. Katika baadhi ya konveta ziko kwenye njia ya kutoka konveta kwenda kwenye kisanduku, na katika nyingine ziko kati ya kisanduku na betri. Zingekuwa kwenye njia ya betri na zimekatika, taa zako zingezimika kila unapochomoa umeme wa TANESCO. Hazizimiki. Kwa hiyo, kama ni fyuzi, basi ni zile zilizo kwenye mdomo wa konveta.

Kwa nini zikatike? Umesema mwenyewe kwamba tatizo lilianza betri zilipobadilishwa, na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hapa nchini hawana sababu ya kulijua. Katika karavani nyingi za Marekani, upande wa DC, yaani umeme wa betri, hufuata rangi ambazo si za magari: waya mweusi ndio chanya, na mweupe ndio hasi. Fundi umeme wa magari, awe Dodoma au kwingineko, amezoea miaka yote kwamba mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi. Akikuta waya mnene mweusi unatokea chini ya sakafu ya karavani, mkono wake unaupeleka kwenye kichwa cha hasi bila hata kuwaza. Cheche moja inaruka, anashtuka, anageuza nyaya, taa zinawaka, na kwa macho yake kazi imekwisha salama. Kumbe katika ile cheche fyuzi za kinga zimeshakatika. Simlaumu fundi wako, kwa kuwa sikuwapo, na alama za rangi zenyewe ndizo zinazomtega mtu. Lakini historia ya tatizo lako inafanana mno na jambo hili kiasi kwamba ningeanzia hapo kabla ya pengine popote.

Kuzipima si lazima uzitoe. Fyuzi ya kibapa ina vitobo viwili vidogo mgongoni ambamo chuma chake kinaonekana. Chomeka umeme, weka ncha nyeusi ya mita kwenye terminali ya hasi ya konveta, kisha gusa kwa ncha nyekundu kitobo kimoja na baadaye cha pili. Fyuzi nzima itatoa namba ileile pande zote mbili. Ukipata 13.6 upande mmoja na 12.2 upande mwingine, fyuzi hiyo imekatika, na umepata jibu la swali lako. Napendelea kipimo hiki kuliko kuitazama fyuzi kwa macho, kwa kuwa iko fyuzi ambayo utepe wake umepasuka chini, ndani ya plastiki, mahali pasipoonekana.

Kabla ya kuweka mpya, hakikisha kwa mita, wala si kwa rangi, kwamba chanya cha betri kimefika kwenye chanya cha kisanduku. Kisha chomoa umeme wa TANESCO, ondoa waya wa hasi kwenye betri, weka fyuzi za ampea zilezile zilizoandikwa kwenye konveta, rudisha waya wa hasi, ndipo uchomeke. Usikubali kuwekewa kipande cha waya au fyuzi ya ampea 60 kwa maelezo kwamba za 30 hazipatikani madukani. Siku nyingine nyaya zikigeuzwa, kitakachoungua kitakuwa konveta yenyewe au waya uliopita kwenye ukuta wa mbao. Na ukishamaliza, zungushia utepe mwekundu kwenye ncha ya ule waya mweusi wa chanya ili fundi atakayekuja baadaye asianguke kwenye mtego uleule.

Fyuzi zikiwa nzima, usikate tamaa wala usirudi kwenye wazo la kununua. Njia inaweza kuwa haijakatika bali imebanwa. Waya uliobakiwa na nyuzi chache baada ya kuliwa na kutu huweza kuwasha taa za ampea mbili bila shida yoyote, lakini ukiudai ampea 40 unashindwa, volti zote zinapotelea hapo na kugeuka joto. Karavani inayovutwa kwenye barabara za vumbi zenye matuta madogo yasiyokwisha hulegeza nati zote, na nati ya kwanza kulegea mara nyingi ni ile ya waya wa hasi unapofungwa kwenye chasisi, kwa sababu iko chini, inapigwa na mawe na matope, na hakuna anayeikagua. Ifungue, isugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, ifunge kwa nguvu, kisha uipake grisi juu. Kagua pia swichi kuu ya kukata betri na kile kibreka kidogo kilicho karibu na betri, ambacho huchakaa ndani bila kuonyesha dalili nje. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani vioshe kwa maji ya magadi, ukiwa umefunga vizuri vifuniko vya seli, maana magadi yakiingia ndani yanaua asidi.

Kipimo cha kuigundua njia iliyobanwa namna hiyo ni kupima volti kutoka sehemu moja hadi nyingine ya njia ileile wakati mkondo unapita. Weka ncha nyekundu kwenye chanya cha konveta na nyeusi kwenye chanya cha betri: unachosoma ni volti zinazopotea njiani. Rudia upande wa hasi. Mkondo usipopita, hata waya mbovu utasoma sifuri, kwa hiyo kipimo kifanyike betri zikiwa zimeshuka na konveta ikiwa inafanya kazi. Kwa pande zote mbili jumla isizidi nusu volti, na ikiwa chini ya 0.3 ni vizuri zaidi. Hesabu yenyewe ni rahisi. Waya wa shaba wenye milimita za mraba 10, ukienda mita 6 na kurudi mita 6, una ukinzani wa karibu omu 0.021, na kwa ampea 40 unameza volti 0.84. Hapo konveta inasema 13.6 na betri inapata 12.8 tu. Ukiweka waya wa milimita za mraba 35 kwa umbali uleule, upotevu unashuka hadi karibu volti 0.24. Kwa maoni yangu, mtu aliyeongeza betri kutoka moja hadi nne bila kunenepesha waya ametumia fedha mahali pasipo, na hili ni la kawaida kwa sababu betri inaonekana na waya umejificha chini ya sakafu.

Sasa pima ampea, kwa sababu volti peke yake haiwezi kukuambia kwamba betri inachajiwa. Klempu mita inayokumbatia waya ndiyo rahisi, ila uliza dukani kama inapima ampea za DC; nyingi za bei nafuu hupima AC, yaani umeme wa nyumbani, peke yake na kwenye waya wa betri zitakuonyesha sifuri ukadhani hakuna kinachopita. Usipoipata, waya wenyewe unaweza kuwa kipimo. Mita moja ya waya wa shaba wa milimita za mraba 16 hupoteza takriban milivolti 1.1 kwa kila ampea. Bandua ngozi kidogo katika sehemu mbili zilizoachana mita moja kamili, pima milivolti kati yake, na ukisoma 44 ujue kwamba ampea 40 zinapita. Ukimaliza, funga sehemu hizo kwa utepe wa umeme.

Ampea hizo zikikaribia 40 katika saa ya kwanza, konveta yako ni nzima na njia iko wazi. Zikiwa kumi na kitu tu wakati betri ziko 12.1 na nyaya ni nzuri, ndipo tuutazame upande wa AC, ambao katika mazingira yetu una mitego yake.

Transfoma ya kupunguza haidhibiti chochote, inagawanya tu kwa mbili. Ikipewa 230 inatoa 115, ikipewa 190 inatoa 95. Katika vijiji vilivyo mwisho wa laini, saa za jioni watu wote wanapowasha taa na kupikia, volti hushuka, na konveta iliyobuniwa kwa volti 120 inaanza kuchechemea ikiwa chini ya takriban 105. Pima volti za upande wa pili wa transfoma wakati konveta inachaji kwa nguvu, maana transfoma isiyo na mzigo itakupa namba nzuri isiyo na maana. Angalia pia ukubwa wake. Ampea 45 kwa volti 13.6 ni wati zipatazo 612. Ukiongeza upotevu wa ndani ya konveta unafika karibu 750, na kwa kuwa konveta nyingi huvuta mkondo wa AC kwa vishindo badala ya kwa mfululizo laini, transfoma inabebeshwa kiasi kinachokaribia volti-ampea 1,000 au zaidi. Transfoma ya wati 500 iliyonunuliwa kwa ajili ya redio itachemka na kushusha volti. Nisingeweka chini ya 1,500. Hali kadhalika waya wa kurefushia: mita 30 za waya mwembamba wa taa zinatosha kabisa kuvuruga chaji.

Kuna konveta za zamani za Marekani, nzito, zinazotoa mngurumo wa chini, ambazo zinadhibiti volti kwa transfoma maalumu iliyoundwa kwa frikwensi ya hezi 60. Umeme wetu ni wa frikwensi ya hezi 50, na konveta za aina hiyo volti zake hushuka frikwensi inaposhuka, hata kama umezipa volti 115 kamili. Yako si ya namna hiyo, kwa kuwa inatoa 13.6, na za kisasa zenye feni na uzito mdogo hazijali tofauti ya 50 na 60. Nimelitaja kwa ajili ya msomaji mwingine mwenye karavani ya zamani ambaye konveta yake inatoa 11 na kitu, na ambaye ameshabadilisha betri bila mafanikio. Huyo hana cha kutengeneza; anahitaji chaja ya aina nyingine.

Kama una mashaka na konveta yenyewe, ipime ikiwa peke yake. Ondoa waya wa chanya wa betri, chomeka, washa taa kadhaa na pampu ya maji. Konveta nzima itaziendesha ikibaki karibu na 13.6. Halafu rudisha betri na upime kwenye terminali za DC ukiwa umeweka mita kwenye volti za AC. Unatafuta mabaki ya AC, ambayo yanapaswa kuwa madogo sana, sehemu ya kumi ya volti au pungufu. Yakikaribia nusu volti, kapasita au dayodi za ndani zimechoka na hapo fundi wako angekuwa na haki. Tahadhari moja: mita nyingine za bei nafuu zikiwekwa kwenye AC husoma DC kama AC na kutoa namba kama 28. Ijaribu kwanza kwenye betri isiyochajiwa; isiposoma sifuri, usiiamini kwa kipimo hiki.

Bado tuna betri, nazo zina lawama yake hata kama fyuzi ndizo zilizoanzisha mambo. Umechanganya mbili mpya na mbili za zamani katika kundi moja la sambamba, na zimekaa miezi kadhaa bila kujaa. Betri ya risasi inayokaa nusu tupu hujenga fuwele ngumu za salfeti kwenye sahani zake, na kadiri inavyokaa ndivyo zinavyokataa kuyeyuka. Baada ya kurekebisha chaji, zijaze, kisha zitenganishe zote nne na kuziacha zipumzike saa 12. Pima kila moja. Volti 12.7 imejaa, 12.4 iko karibu robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 imebakiwa na robo. Ukikuta moja imekaa karibu na 10.5, seli yake moja imekufa, na hiyo imekuwa ikizinyonya wenzake usiku kucha. Kwa kuwa ni za maji, tumia pia hidromita, kifaa cha kupima uzito wa asidi: seli iliyojaa husoma karibu 1.265, ya nusu karibu 1.190. Seli moja ikiwa chini ya nyingine kwa 0.050, betri hiyo isirudi kwenye kundi. Usiruhusu betri dhaifu ibaki kwa sababu tu bado inawasha taa.

Kiasi cha maji kiangalie mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza, kwa sababu joto la kisanduku cha betri chini ya jua la Dodoma linapita mbali joto la kivulini. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa peke yake. Ya kisima au ya bomba ya kwetu yana chumvi, na chumvi hiyo haitoki tena ndani ya seli. Usiongeze asidi ili kuinua namba ya hidromita. Namba itapanda na sahani zitaliwa. Na unapofanya kazi hizi zote acha mlango wa kisanduku wazi, vaa miwani, vua pete na saa, wala usiwashe kiberiti karibu: betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na hewa yenye asilimia 4 tu ya gesi hiyo inatosha kulipuka.

Ukizirudisha, angalia zinavyofungwa. Katika kundi la sambamba chanya kitoke kwenye betri ya kwanza na hasi itoke kwenye ya mwisho, ili umeme upite njia yenye urefu ulio karibu sawa kwa kila moja. Nyaya zote mbili zikitoka kwenye betri moja, hiyo ndiyo itakayofanya kazi kubwa na kuchakaa mapema, na ya mbali itachelewa kujaa.

Hata baada ya haya yote, usitegemee usiku mmoja ufanye miujiza. Kutoka nusu hadi kujaa unahitaji ampea-saa 200, na pamoja na upotevu ni kama 230. Friji na taa zikichukua ampea 8, zinabaki 37 kwa betri. Sehemu ya kwanza, hadi kama asilimia 80, itachukua saa tatu na nusu hadi nne, lakini asilimia 20 za mwisho huingia polepole na hazilazimishwi. Hapa ndipo aina ya konveta inapokuwa na umuhimu. Iliyofungwa kwenye 13.6 muda wote inaweza kuchukua zaidi ya siku nzima kumaliza, na mtu anayechomeka usiku tu hatafika mwisho kamwe. Yenye hatua huanza na takriban 14.4 kwa saa chache, ikashuka 13.6, na betri zikikaa bila kutumika ikashuka tena hadi 13.2. Fuatilia yako kwa jioni moja baada ya kurekebisha fyuzi: volti za betri zikipanda kupita 14 kabla ya kurudi 13.6, unayo ya hatua. Zikifika 13.6 na kukwama hapo, ni ya volti moja.

Kwa kundi la ampea-saa 400, ikiwa yako ni ya volti moja, nitakuwa upande wa kununua, si kwa sababu imeharibika bali kwa sababu ni ndogo kwa kazi uliyoipa. Ila usinunue ya volti 120. Chukua chaja ya hatua ya volti 230, ya ampea 40 hadi 60, iliyo na chaguo la betri za maji na waya wa kupima joto unaobandikwa kwenye betri. Waya huo si anasa kwetu. Betri ya volti 12 inahitaji kupunguziwa takriban milivolti 24 kwa kila nyuzi joto moja juu ya 25, maana yake kwenye kisanduku chenye nyuzi 40 ile 14.4 inapaswa kuwa karibu 14.0, la sivyo inachemsha maji. Usiku wa Julai, nyuzi zikifika 13, chaja hiyohiyo inapaswa kupanda hadi karibu 14.7. Ifunge karibu na betri iwezekanavyo, kwenye chumba kingine kisichoingia gesi, kwa waya mnene mfupi wenye fyuzi yake. Ile ya zamani itoe kwenye laini ya betri lakini iache mahali pake, na transfoma ibaki kwa ajili ya vifaa vya ndani vya volti 120 peke yake, kwa kuwa ukivichomeka moja kwa moja kwenye 230 vitaungua papo hapo.